Kumlilia Shemeji wa Kabila Lingine: Somo kwa Vikundi vya Amani

Somo hili ni kwa vikundi vya amani, viongozi wa dini na familia zenye ndoa za mchanganyiko. Linahusu jambo ambalo vikundi vingi hulikwepa: namna ya kumkumbuka shemeji aliyetoka katika kabila ambalo watu wenu wamepigana nalo. Sisi tunaoliandika ni ndugu wa familia moja ya Wahema wa Irumu, katika Ituri. Mume wa dada yetu alikuwa Mlendu wa Djugu. Tulimwita shemeki, kama watu wa kwetu wasemavyo, na hapa tutamwita hivyo hivyo.

Kwa msomaji wa mbali, maneno machache. Wahema na Walendu wameoana tangu zamani. Wahema wa Djugu hata husema Kilendu kama lugha yao, wakati sisi wa Irumu tunasema Kihema. Anayedai kwamba makabila haya hayakai nyumba moja hajaingia katika nyumba za Ituri. Lakini vita vya 1999 hadi 2003 viliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 50,000, na ndoa hizo zilibanwa pande zote mbili. Mwezi wa kumi na mbili 2017 machafuko yakarudi Djugu.

Mwezi wa tano 2003 Bunia ilipiganiwa mtaa kwa mtaa. Siku za kwanza shemeki alisimama mlangoni akasema Kilendu ili sisi tupone. Baada ya siku chache mji ukashikwa na wanamgambo wa upande wetu. Mama akasimama mlangoni pale pale akasema Kihema ili yeye apone. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo baadaye. Maisha yaliendelea, na yeye akaendelea kulima maharage katika shamba la mama mkwe wake.

Alifariki kwa ugonjwa, Bunia, mwaka 2019. Wakati huo vijiji vya Djugu vilikuwa vikichomwa tena, na ndugu zake hawakuweza kufika. Kilio kikawa cha upande mmoja: Wahema watupu wakimlilia Mlendu. Watu walikuja wengi, walileta chakula na kuni, walimlilia kweli. Kisha mzee mmoja akasimama kumsifu. Akasema: “Huyu hakuwa kama wao.” Wengi waliitikia. Kijana wake wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, akatugeukia sisi wajomba zake akauliza kwa sauti ndogo: “Kina nani hao?”

Hapo ndipo penye somo. Mzee yule alikusudia mema, na sentensi kama yake husikika katika matanga mengi ya ndoa za mchanganyiko. Lakini inamsifu marehemu kwa kumng'oa kwao. Baba, mama na ndugu zake wote wanahukumiwa mbele ya mwili wake, na wanawe wanaambiwa kwamba nusu ya damu yao ni ya watu wabaya, ila baba yao aliponyoka. Mtoto anayesikia hivyo ana njia mbili tu: kumkana baba, au kutukana sisi. Wanaokusanya vijana kwa ajili ya vita huwajua sana watoto wa namna hiyo.

Miezi kadhaa baadaye, barabara ilipotulia kidogo, kaka zake wawili walifika. Tuliketi nao siku nzima, watoto wakiwapo. Kwetu shemeki alikuwa mtu mkimya sana. Kaka zake walicheka waliposikia hivyo, kwa sababu kwao ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa kijiji. Walisimulia hadithi zake kwa Kilendu, wakatutafsiria, na hata kwa tafsiri tulicheka mpaka machozi. Sisi tulimjua kwa Kiswahili tu. Nasi tuliwaambia kwamba kwa miaka ishirini alikataa maziwa ya mgando, mpaka mama akazoea kumchemshia chai ya rangi kila alipokuja. Kaka mkubwa akakiri kwamba hata kwao, wakimsifu dada yetu, walikuwa wakisema hakuwa kama Wahema wengine. Kimya kilifuata. Nadhani wote tulikuwa tukimfikiria yule kijana.

Jambo moja la kuangalia: msichanganye mkutano wa kumkumbuka na mkutano wa mali. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kuishi katika nyumba waliyokaa na mumewe. Kabila la mama halibadilishi hayo. Semeni hivyo mapema, siku nyingine, ili anayekuja kulia asidhaniwe amekuja kudai shamba.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Je, katika familia zenu nani amesifiwa kwa maneno “hakuwa kama wao”, na watoto wake walikuwa wapi? Ndugu zake waliitwa, au barabara ilitumiwa kama kisingizio? Kwa mkutano unaofuata, kila mtu aje na jambo moja la shemeji au wifi wa kabila lingine linalomhusu mtu huyo mwenyewe: chakula alichokataa, kazi ya mikono yake, neno la lugha yenu alilolitamka vibaya mpaka mwisho.