Damu Haijui Patron

*Mume wangu anavua ndagala. Babu yake aliyempa jina alikuwa Simba, mmoja wa waasi wa mwaka 1964, na ukoo wote unasema hasira zake ni damu ya Simba, haziondoki. Juzi mwenye mtumbwi alimkata deni la petroli mbele ya wenzake. Akatabasamu, akasema, "Ndiyo, patron." Kufika nyumbani akanipiga kwa sababu bugali umepoa. Mwezi ukijaa, mitumbwi ikilala, ndipo mambo yanazidi. Ndugu yake wa tumbo moja hajawahi kuninyanyulia mkono, wala kumnyanyulia mke wake. Sasa mtoto wetu wa miaka 5 anapiga dada yake. Nifanye nini damu hii isimfikie?*
*Mama wa watatu, Ubwari*

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu. Nimebakiza haya kwa sababu humo umejijibu. Rudi pale alipotabasamu. Mtu amekatwa pesa, ameaibishwa, na hasira ikatulia. Ikatembea naye toka ufukweni, ikawapita vijana wenye nguvu, ikawapita majirani, haikumgusa hata mmoja. Ikakuchagua wewe. Damu haijui nani patron na nani mke. Yeye anajua.

Sikatai kwamba watu wanazaliwa tofauti. Nimelea watoto: ukiwanyang'anya muwa, mmoja analia, mwingine anauma. Huko Nyuzilandi wataalamu wamewafuatilia watu kama 1,000 waliozaliwa Dunedin mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2002 walieleza kwamba wavulana wenye urithi wa aina fulani, walioteswa utotoni, ndio waliokuwa wepesi zaidi kugeuka wakatili. Wenye urithi uleule waliolelewa bila mateso hawakufuata njia hiyo. Na hapa kwetu Kivu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walipozungumza na wapiganaji wa zamani, waliona kwamba walioingizwa vitani wangali watoto ndio walioonja zaidi utamu wa kuumiza watu. Mwanao ana miaka 5. Anajifunza sasa.

Halafu hilo jina la Simba. Limeniuma. Mzee yule alishika silaha na vijana wengi wa Fizi wakakabili jeshi la serikali, na mwaka 1965 mamluki wakashuka Baraka na bunduki zao. Uwe umewapenda Simba au hukuwapenda, walisimama mbele ya watu wenye silaha. Leo ukoo unamfukua marehemu ili amfunike mwanaume anayempiga mwanamke mwenye mwiko mkononi! Hayo ni matusi juu ya kaburi. Wakirudia tena, uwajibu wazi, wakiwa wote wamekaa: babu alipigana na jeshi, mjukuu anapigana na mpishi. Na wewe mwenyewe acha kulisema neno hilo mbele ya watoto; ulishaanza kuliamini.

Mchungaji, wazee, chef wa kijiji: waendee, ila usiende peke yako. Akikuumiza, pita kituo cha afya waandike, kisha chukua watoto uende kwenu.

Mtu ninayemtaka ni shemeji yako. Babu ni yuleyule, tumbo ni lilelile. Mwombe aje amweleze ndugu yake, mbele yako, yeye hufanya nini hasira ikimpanda. Na mtoto akimpiga dada yake, mshike mkono, umwambie hapana, umwite kwa jina lake tu.

Usingoje mwezi ujae. Mwite shemeji wiki hii, giza lingalipo na mitumbwi iko ziwani.