Kondo la Nyuma: Tulile, Tulizike, au Kwanza Tulitazame?

Somo la safari hii lilianzia chini ya mwembe hapa Mabanga, siku ya mchango wa akina mama. Mmoja wetu ana binti Nairobi mwenye mimba ya miezi minane. Binti alikuwa amempigia simu. Amesikia kwamba huko Marekani wanawake wakijifungua huchukua kondo la nyuma, likakaushwa, likasagwa na kutiwa kwenye vidonge. Eti mama akivimeza anarudisha damu, maziwa yanajaa, na ile huzuni ya baada ya kuzaa inaisha. "Sasa nimwambie nini huyu mtoto?" mama akauliza.

Watu walicheka sana, na wengine wakatema mate. Kukhu mmoja aliyeketi nyuma hakucheka hata kidogo. Nitarudi kwake.

Mimi nilisema tusimcheke yule binti. Anaogopa kupungukiwa damu, na hofu hiyo ni ya kweli. Kondo la nyuma, au zalio kama wengine wanavyoliita, ndilo lililomlisha mtoto tumboni miezi yote ile. Lina uzito wa karibu nusu kilo na limejaa damu, kwa hiyo mtu akidhani lina nguvu ndani yake hajakosa akili. Tena sisi wafugaji tunajua kwamba mbuzi, paka na ng'ombe wakizaa hulila. Ngamia halili. Na binadamu je? Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walipekua maandishi juu ya mila za jamii 179 za dunia. Hawakupata mahali ambapo ni desturi ya mama mzazi kulila kondo lake. Wachina wamelitumia likiwa kavu kama dawa kwa karne nyingi, lakini ni kwa wagonjwa mbalimbali, si chakula cha mzazi. Huko Marekani kwenyewe jambo hili lilianza kusikika miaka ya 1970 tu.

Je, linasaidia? Katika jimbo la Nevada walijaribu. Wanawake wengine walipewa vidonge vya kondo, wengine vidonge vya nyama ya ng'ombe, bila kujua nani amepewa nini. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: madini ya chuma, yale yanayojenga damu, hayakutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Na hatari ipo. Mwaka 2016 huko Oregon mtoto mchanga aliugua kwa vijidudu kwenye damu, akatibiwa, akaugua tena. Walipopima vidonge vya kondo alivyokuwa akimeza mama yake, wakakuta vijidudu vilevile humo ndani. Mtoto alipona, lakini idara ya serikali ya kuzuia magonjwa ikashauri vidonge hivyo viepukwe. Basi jibu kwa binti ni fupi: asile.

Kwetu kondo linazikwa. Wajaluo huliita biero, na mahali lilipozikwa ni kwao na mtu. Hata katika Kiswahili, mtu akitaka kusema hapa ni kwetu kabisa, atasema kitovu chake kimezikwa hapa. Sioni ubaya katika hilo. Ubaya niuonao ni mama kukataa kuzalia kituo cha afya kwa kuogopa kwamba kondo lake litachukuliwa na mtu mwenye nia mbaya. Nimelisikia hili katika vijiji vingi, na sisi watu wa ofisini tumelinyamazia kana kwamba ni ujinga. Vituo vidogo vingi vina shimo maalumu la kondo, lenye mfuniko, na hospitali kubwa huyachoma. Ukitaka lako, muulize nesi mapema, ungali kliniki. Vituo vingine hukubali.

Sasa nirudi kwa kukhu. Kicheko kilipokwisha alisema, "Nyinyi mnabishana kula na kuzika. Mke wa mwanangu lake halikutoka." Alizalia nyumbani, mtoto akalia vizuri, watu wakapiga vigelegele. Kondo likakawia. Wakasubiri. Mmoja akasema wampe mitishamba, mwingine akasema walivute. Lilitoka kipande, wakazika kile kipande upesi upesi usiku, hakuna aliyekiangalia kwa taa. Damu iliendelea. Kulipopambazuka wakatafuta gari, na gari halikufika hospitalini na mtu aliye hai.

Palikuwa kimya chini ya mwembe.

Ninawaomba mlishike jambo moja. Ng'ombe akizaa na kondo likakaa ndani hadi kesho yake, baba mwenye nyumba anakimbia kumwita daktari wa mifugo. Mama hana hadi kesho. Ana nusu saa. Mtoto akishatoka, kondo hufuata kwa kawaida ndani ya dakika 30. Likipita muda huo ni safari ya hospitali, hata kama damu haionekani. Na damu ikiwa nyingi, msingoje dakika hata moja. Nyingi ni kiasi gani? Fikiria chupa ya nusu lita ya soda. Ikifika hapo tayari ni hatari, na leso na blanketi hunywa damu zikatudanganya. Duniani kote kutokwa damu ndicho kinachoua wazazi wengi kuliko sababu nyingine.

Mkiwa mnangoja gari, mtoto awekwe kwenye titi, kwa sababu kunyonya kunasaidia mji wa mimba kujikaza. Mama akojoe. Mtu asivute kitovu, asitie mkono ndani, asimpe mitishamba ya kunywa. Kondo likitoka, litazameni kwa taa: liwe duara zima, bila pengo kama mkate uliomegwa, na ngozi yake isiwe imechanika vipande. Mkiwa na shaka, litieni ndani ya ndoo yenye mfuniko, mwende nalo hospitalini pamoja na mama. Msilizike kwanza! Kule kituoni mama hupigwa sindano mara tu mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ujikaze. Sindano hiyo nyumbani hamna, na ndiyo sababu kubwa ninayowaambia wazalie kituoni.

Na damu ya kurudisha? Vile vidonge vya chuma na foliki vya kliniki mama avimeze, asivifiche chini ya godoro kwa sababu vinamtia kichefuchefu. Ale maini, omena, maharagwe, kunde, terere na managu. Baada ya chakula ale chungwa au pera. Chai angoje saa moja au mbili, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kuku wa mzazi ni mzuri, ila naomba nyama apewe mama mwenyewe, si wageni tu.

Akina baba, tangu Oktoba 2024 Linda Mama imeingia chini ya SHA. Andikisheni familia na mlipe michango mapema, si siku ya uchungu.

Kukhu aliuliza kama mjukuu wake, anayetarajia mwezi ujao, akizalia kituoni ataweza kurudishiwa kondo. Tulikwenda pamoja kumuuliza nesi. Akasema, "Leteni ndoo yenye mfuniko na glavu, nikishalikagua mtalichukua. Mchimbe shimo refu, mbwa wasifukue, na mbali na kisima."

Kwa mkutano ujao kila kikundi kije na majibu: usiku wa manane ni nani mwenye gari au bodaboda tuliyepatana naye, namba yake anayo nani, na pesa ya safari imewekwa kwa nani?