Mafuta ya pikipiki: nani apime?

Swali: Dereva wa pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare anauliza kama ni lazima fundi ndiye apime mafuta ya injini.

Jibu: Hapana, apime mwenyewe, tena asipuuze. Pikipiki nyingi za cc 125 hubeba takriban lita 1 tu ya mafuta, na mafuta hayohayo hulainisha injini, klachi na gia. Yakipungua, vyote huumia pamoja.

Ili kupima, aisimamishe pikipiki wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika chache. Akichomoe kijiti cha kupimia mafuta, akifute, akichomeke bila kukikaza (ndivyo zilivyo nyingi), kisha akichomoe tena atazame: mafuta yawe kati ya alama mbili.

Rangi nayo inasema mengi! Weusi ni kawaida. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia, hatari ya kweli kwa anayevuka vijito majira ya mvua. Hapo asiwashe injini kabla ya kumwaga mafuta yote na kuweka mapya.