Mahakama na Hali ya Magereza

Swali: Je, kazi ya mahakama huisha hukumu inapotolewa, au jaji anaweza kuingilia hali ya maisha ya mfungwa gerezani?

Jibu: Haiishi hapo. Nchini Marekani, ambako majaji kwa muda mrefu waliwaachia wakuu wa magereza mambo yao, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1976, katika kesi ya Estelle dhidi ya Gamble, kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba, kwa kuwa aliyefungwa hawezi kujitafutia daktari. Uzito wa kanuni hiyo ulionekana California, ambako magereza yaliyojengwa kwa watu wapatao 80,000 yalibeba karibu maradufu yao, hata wafungwa 54 wakachangia choo kimoja. Mwaka 2011, katika kesi ya Brown dhidi ya Plata, mahakama hiyo iliidhinisha, kwa kura 5 dhidi ya 4, amri ya kupunguza msongamano hadi asilimia 137.5 ya uwezo, yaani idadi ambayo majengo yalikusudiwa kubeba. Shauri la kwanza katika mgogoro huo wa California lilikuwa limefunguliwa mwaka 1990, na ucheleweshaji huo hauna udhuru, kwani katika kipindi hicho wafungwa walikufa kwa maradhi yanayotibika.