Kuchagua kipoza joto cha chipseti kwenye bonde la vumbi

Yaeda Chini iko chini ya miinuko ya Mbulu, kwenye bonde kame upande wa Ziwa Eyasi. Kiangazi mbuga hukauka, mifugo hutimua vumbi, na vumbi hilo laini hupenya hadi kabatini na ndani ya kompyuta. Kompyuta ya ofisi, shule au zahanati ikiganda, kazi ya watu wengi husimama, na spea ziko mbali: Mbulu mjini, Karatu au Arusha. Kwa mazingira haya, chagua kipoza joto cha chipseti (chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya chipu) kilicho kikubwa na kisicho na feni. Feni ndogo iwe chaguo la mwisho.

Chipseti na joto lake

Chipseti ni chipu ya kwenye madabodi inayounganisha prosesa na diski, milango ya yuesibii na vifaa vingine. Madabodi za zamani zilikuwa na chipu mbili: nothibriji karibu na prosesa, na sauthibriji chini yake. Kampuni ya AMD ilihamishia udhibiti wa memori ndani ya prosesa mwaka 2003, Intel ikafanya hivyo mwaka 2008, na baadaye nothibriji ikatoweka. Kompyuta nyingi za mtumba za enzi za prosesa za Intel Core 2 bado zina chipu zote mbili, na nothibriji ndiyo huchemka zaidi.

Chipseti nyingi za sasa hutumia wati chache tu, kama 6 hivi. X570 ya AMD, iliyotoka mwaka 2019, hufikia wati 11 au zaidi, ndiyo maana madabodi zake nyingi zilitoka kiwandani na feni.

Hakikisha tatizo ni chipseti

Dalili ni yuesibii au diski kupotea ghafla, kompyuta kuganda mchana wa joto, au kujizima na kujiwasha. Lakini prosesa yenye vumbi, pawasaplai iliyochoka, au umeme wa sola unaoyumba huleta dalili zilezile. Kwa hiyo anza na usafi. Zima, chomoa waya, toa kompyuta nje, kisha piga vumbi kwa blowa ukiwa umeshika mapanga ya feni yasizunguke.

Tatizo likiendelea, fungua ubavu wa kasha na uelekeze feni ya mezani kwenye madabodi. Kompyuta ikitulia, joto ndilo chanzo. Programu ya HWiNFO huonyesha joto la chipseti kwenye madabodi zenye kihisi. Chini ya nyuzi 80 wakati wa kazi, hakuna haja ya kununua kitu.

Pima kabla ya kusafiri

Andika vipimo hivi, na upige picha ya madabodi:

1. Umbali kati ya matundu ya kufungia, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Baadhi ya madabodi hazina matundu bali vishikizo vya waya.
2. Kimo kilichopo juu ya chipu. Sauthibriji mara nyingi hukaa chini ya kadi ya picha, na kipoza kirefu kitaizuia kadi kuingia.
3. Unene wa pedi ya joto iliyopo. Ukiweka pesti ya joto mahali palipokuwa na pedi nene, kipoza kipya kinaweza kuacha mwanya na kisiguse chipu.

Ukiweza, nenda dukani na kipoza cha zamani mkononi.

Dukani uangalie nini

Baadhi ya pakiti huandika namba ya C/W, yaani nyuzi zinazoongezeka kwa kila wati. Chipu ya wati 6 yenye kipoza cha 5 C/W itazidi hewa ya ndani ya kasha kwa nyuzi 30. Hewa hiyo ikiwa nyuzi 45, chipu itafika 75. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo kipoza kinavyofanya kazi vizuri.

Chagua mapezi yaliyoachana, yanayosafishika kwa brashi ya rangi. Mapezi yaliyobanana huziba haraka.

Feni ya milimita 40 hupoza vizuri ikiwa mpya, na haili umeme mwingi: wati moja au mbili. Udhaifu wake ni vumbi na joto, ambavyo hukausha mafuta na kukwamisha mhimili. Ikikwama juu ya kipoza kidogo, chipu hubaki bila msaada. Ikikubidi, nunua yenye beringi za gololi, na uhakikishe madabodi ina soketi yake.

Epuka kipoza kinachoshikiliwa na gundi pekee, hasa kikiwa kizito. Madabodi husimama wima ndani ya kasha, na barabara ya kuteremkia bondeni hutikisa sana. Kikidondoka juu ya kadi, kinaweza kuleta shoti. Skrubu au pini zenye springi ni salama zaidi.

Kufunga

Gusa chuma cha kasha kwanza, kwa sababu hewa kavu huzalisha umemetuli. Zungusha kipoza cha zamani taratibu hadi kiachie. Usikikwanyue kwa bisibisi, maana kona ya chipu huvunjika kirahisi. Futa mabaki kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Palipokuwa na pedi nene, weka pedi ya unene uleule; kwingine weka pesti kiasi cha punje ya mchele. Kisha kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo pande zote.

Washa, fanya kazi saa nzima, kisha pima joto tena. Andika namba na tarehe kwenye karatasi uibandike ndani ya kasha. Kila mwezi wa kiangazi, pima na usafishe: joto likipanda ilhali kazi ni ileile, vumbi limerudi, na brashi itatosha bila safari ya kwenda mjini.