FAILI LINASEMA LINATUMIKA, NA HAKUNA ALIYELIFUNGUA

Somo la leo ni la wenye kompyuta mbili au zaidi zinazotumia folda moja: mashine za kukoboa, maghala, maduka ya jumla, steshenari. Hapa Chimala mpunga ukianza kushuka ndiyo naitwa sana kwa tatizo hili. Faili la Excel linagoma, linasema mtu mwingine analitumia, na ukizunguka ofisi nzima humuoni huyo mtu.

Wengi wanachukulia ni usumbufu mdogo. Hapana, hili linaweza kuwagombanisha na wateja. Kuna ghala moja hapa barabara kuu, laptop ya kwenye mzani ndiyo inatunza faili la mizigo ya watu: jina, magunia yaliyoingia, yaliyokobolewa, yaliyotoka, deni. Kompyuta ya mezani ya ofisini inalifungua faili hilohilo kupitia draivu Z, ambayo inajiunganisha yenyewe kila ikiwashwa. Siku hiyo umeme ulikatika. Laptop ina betri, rauta ina kibetri chake, kwa hiyo vyote viwili vikaendelea. Kompyuta ya ofisini ikazima pap, faili likiwa wazi.

Karani wa mzani akafungua faili, akaambiwa limefungwa, atasoma tu bila kuandika. Foleni ndefu, wakulima wamesimama juani. Akalihifadhi kwa jina jingine, "mpunga 2", akaendelea na kazi. Kesho yake ofisini wakafungua lile la zamani. Siku tatu watu wakaandika kwenye mafaili mawili. Akaja mama mmoja kudai magunia 38, ofisi inamwonyesha 24. Yale 14 yalikuwa kwenye "mpunga 2". Kilichomwokoa ni stakabadhi ya karatasi aliyokuwa ameifunga kwenye kitenge. Bila hiyo angeonekana mwongo mbele za watu.

Sasa tuelewe kilichotokea. Ukifungua faili lililo kwenye kompyuta nyingine, kompyuta hizo mbili zinaanza mazungumzo. Ukifunga vizuri, zinaagana. Mojawapo ikizima ghafla, hakuna aliyeaga, na ile yenye faili inaendelea kumshikia kiti mgeni aliyekwisha ondoka. Ndiyo maana umeme wa nusunusu, yaani vingine vimezima na vingine vinawaka, unasumbua kuliko giza la wote. Vikizima vyote, mazungumzo yote yanakufa pamoja.

Kuna kitu mafundi vijana wanachanganya hapa. Ile alama nyekundu ya X kwenye draivu Z mara nyingi siyo ugonjwa. Windows yenyewe, kwa mpangilio wake wa kawaida, inakata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kazi. Ukibofya draivu mara mbili unarudi. Usianze kufuta na kuunganisha upya kwa sababu ya X tu. Tatizo ni upande wa pili: huo ukataji wa dakika 15 haugusi muunganisho wenye faili lililo wazi. Huo unabaki, na hauna alama yoyote ya kukuonyesha.

Tiba inaanzia kwenye kompyuta INAYOTUNZA faili, siyo ile inayolalamika. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, bonyeza kitufe cha Windows, andika fsmgmt.msc kisha Enter. Utaona sehemu tatu. Shares ni folda ulizogawa. Sessions ni nani ameunganishwa, kutoka kompyuta gani, na amekaa kimya muda gani (safu ya Idle Time). Open Files ni mafaili yaliyo wazi na jina la aliyeyafungua. Mgeni wako utamkuta hapo, amekaa kimya saa nzima kwa jina la kompyuta iliyozima.

Kabla hujamtoa, piga simu kwanza. Uliza, "Dada, una lile faili la mpunga hapo?" Ukimkatia mtu anayeandika kweli, alichokuwa hajahifadhi kinaweza kupotea. Ukishahakikisha, bofya kulia kwenye faili ndani ya Open Files, chagua Close Open File. Mimi napendelea kufunga faili moja kuliko kufunga Session nzima, maana Session ikifungwa mafaili yake yote yanaenda nayo.

Hapo bado linagoma? Angalia mambo mawili. Kwanza, kwenye kompyuta ya mtumiaji fungua Task Manager uone kama Excel inaendelea kwa siri hata dirisha likiwa limefungwa. Pili, onyesha mafaili yaliyofichwa ndani ya folda. Excel ikifungua faili inaweka kijifaili chenye jina lilelile kikianza na ~$. Umeme ukikatika kinaweza kubaki. Kama hakuna mtu kabisa mwenye faili, kifute hicho, na uwe makini usifute faili lenyewe.

Kwenye kompyuta inayounganishwa, fungua Command Prompt ya kawaida na uandike net use. Nasema ya kawaida kwa sababu ukiifungua kama msimamizi, draivu za mtumiaji mara nyingi hazionekani na utadhani hakuna kitu. Muunganisho wa zamani unaondolewa kwa net use Z: /delete. Ukigomewa kwa maelezo kwamba huruhusiwi kuingia kwa majina mawili ya mtumiaji, kuna muunganisho uliobaki wa jina la zamani. Uondoe huo kwanza kwenye orodha hiyohiyo.

Jambo jingine, rauta ikizima na kuwaka inaweza kuipa kompyuta ya mzani namba mpya. Kama draivu Z uliiunganisha kwa namba, inabisha hodi nyumba isiyo yake. Unganisha kwa jina, mfano \\MZANI\Mpunga, au fundi aifungie namba moja kwenye rauta.

Wenye ofisi kubwa kidogo mjue pia kwamba Windows 10 na 11 za kawaida zinaruhusu vifaa 20 tu kuunganishwa kwa wakati mmoja. Ukijumlisha simu, mashine ya skana na wageni wasioondoka, mwisho unafika na mtu mzima anakataliwa mlangoni.

Ukiwa na hela ya UPS moja tu, mimi ningeipeleka kwenye kompyuta ya mezani inayoandika, kwa kuwa laptop ina betri tayari. Dakika kumi zinatosha kuhifadhi na kufunga faili. Na karani aambiwe hivi: likisema linatumika, asilihifadhi kwa jina jingine. Aandike kwenye daftari, apige simu ofisini, foleni iendelee.