Mashine ya Kuvuta Mgongo: Tuulize Kwanza Kabla ya Kulipa

Wengi wenu mmetuuliza juu ya mashine ya kuvuta mgongo, ambayo husemekana kuponya maumivu ya mgongo na shingo bila mgonjwa kupasuliwa. Je, inafaa? Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe.

Mwaka jana kijana mmoja alimleta mama yake hospitalini kwetu. Hakumleta kutibiwa, bali alitaka karatasi ya kupeleka mjini, ambako alikuwa ameambiwa kwamba mama akivutwa mara ishirini atapona. Fahali wawili walikuwa wamekwisha kuuzwa na fedha zilikuwa mfukoni. Tukiri kwamba siku ile foleni ilikuwa ndefu, na karatasi ile ingeandikwa kwa dakika mbili. Lakini tulipomtazama mama, tuliona gauni linampwaya. Tukamwuliza, "Mama, usiku unalala?" Akajibu kwamba halali, na kwamba shuka hulowa jasho. Tulipopitisha mkono mgongoni, pingili moja ilikuwa imechomoza, naye alishtuka ilipoguswa. Eksirei na vipimo vilionyesha kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa kuwa hakuwa na kikohozi, hakuna aliyekuwa amefikiria ugonjwa huo. Hebu fikirini mgonjwa wa namna hiyo akifungwa mikanda na kuvutwa pingili zilizokwisha kuliwa na ugonjwa!

Sasa tueleze mashine yenyewe. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kama mto mdogo wenye ute katikati. Diski ikitokeza nje inaweza kubana mshipa wa fahamu, na hapo maumivu hushuka mguuni, au mkononi ikiwa ni ya shingo. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda kilichogawanyika sehemu mbili, akafungwa mkanda kifuani na mwingine kiunoni. Mota huvuta, hulegeza, kisha huvuta tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Wenye mashine husema kwamba mvuto huo hupunguza mgandamizo ndani ya diski, nayo hurudi mahali pake. Mara nyingi mgonjwa hutakiwa kurudi mara ishirini au zaidi katika wiki chache, na kila mara hulipa.

Wazo lenyewe si geni. Tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi tulifunga uzito miguuni mwa wagonjwa wa mgongo, wakalala hivyo siku nyingi. Tuliamini tunawasaidia. Wengi waliinuka na misuli iliyodhoofika, na maumivu yale yale.

Tangu wakati ule utafiti mwingi umefanyika. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 32 ya tiba ya kuvuta mgongo, wakaona kwamba inasaidia kidogo sana au haisaidii. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulisema tiba hiyo isitolewe kwa maumivu ya kiuno. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yaliyozidi miezi mitatu, nao pia haukupendekeza kuvutwa. Kwa shingo habari ni tofauti kidogo: baadhi ya wenye maumivu yanayoshuka mkononi hupata nafuu wakivutwa taratibu na mtaalamu wa fiziotherapia, pamoja na mazoezi. Hata hivyo si wote, na mara nyingi nafuu hiyo ni ya muda.

Wapo wanaosema, "Lakini jirani yangu alivutwa akapona." Hatumwiti mwongo. Ila diski nyingi zilizotokeza hunywea zenyewe baada ya wiki au miezi, na aliyevutwa katika miezi hiyo huishukuru mashine. Tena picha ya MRI huweza kuonyesha diski iliyotokeza hata kwa mtu asiyeumwa kabisa. Kwa hiyo kuonyeshwa picha tu si sababu ya kulipa.

Asivutwe kamwe mwenye pingili iliyovunjika, kifua kikuu cha mifupa au uambukizo mwingine wa uti, saratani iliyofika kwenye mifupa, mifupa iliyodhoofika kwa uzee, au vyuma vilivyowekwa mgongoni. Mama mjamzito naye asivutwe. Mwenye baridi yabisi ya muda mrefu asivutwe shingo, kwa maana pingili za juu huenda zimelegea.

Kuna dalili nyingine zisizongoja hata kesho: kushindwa kukojoa au kujikojolea, kutoweza kuzuia choo, ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, au miguu kuishiwa nguvu. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Mwenye homa, jasho la usiku, kukonda, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, apimwe kwanza kabla ya mtu yeyote kumkanda au kumvuta.

Ikiwa umepimwa, hakuna hatari, na bado unataka kujaribu, basi uliza: Ugonjwa wangu unaitwaje? Nani ameupima? Nikivutwa mara chache nisipoona nafuu, mtaacha? Anayekutaka ulipe zote ishirini kwanza, mwambie utarudi, kisha nenda nyumbani.

Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo ya muda mrefu, fedha hizo zingefaa zaidi kwa nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia mara chache, akufundishe mazoezi ya kufanya nyumbani. Tembea kila siku, hata kama unaumwa kidogo. Usilale kitandani mchana kutwa. Ndoo ya lita ishirini igawe katika safari mbili, au watoto wakusaidie. Na vile vidonge vya maumivu vya dukani visiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa huharibu tumbo na figo.

Yule mama alipewa dawa za kifua kikuu, ambazo hutolewa bure. Mwezi wa nne alikuja kliniki kwa miguu kutoka kituo cha basi. Kijana wake alifaulu kumnunua tena fahali mmoja; wa pili alikuwa amekwisha kuchinjwa.